Redio na Msikilizaji Wake: Utangazaji wa Kiswahili na Jamii ya Afrika Mashariki Tangu 1951

1. Utangulizi

Mjadala kuhusu athari za vyombo vya habari katika jamii na utamaduni wa Afrika Mashariki umeendelea kwa muda mrefu, na aghalabu huelekea pande mbili. Upande mmoja huvisifu vyombo hivyo kwa kueneza elimu, kuliunganisha taifa na kukikuza Kiswahili. Upande wa pili huvilaumu kwa kudhoofisha maadili, kuingiza mitindo ya kigeni na kuiharibu lugha. Pande hizi zinatofautiana katika hukumu, lakini zinakubaliana katika jambo moja ambalo halijachunguzwa vya kutosha: zote huichukulia jamii kuwa mpokeaji tu. Chombo husema, watu husikia. Chombo kikisema mema watu hunufaika, kikisema mabaya watu huharibika.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba historia ya utangazaji wa Kiswahili haiungi mkono dhana hiyo. Hoja inayotolewa ni kwamba nguvu ya redio katika jamii ya Waswahili haikutokana na mitambo yake peke yake, wala na ufasaha wa watangazaji wake peke yao. Redio ilibadili mwenendo, lugha na fikra za watu zaidi pale ilipompa msikilizaji njia ya kujibu; na pale ilipomnyima njia hiyo, ilipata utii au hofu, lakini haikupata kuaminiwa.

Redio imechaguliwa kwa sababu za kihistoria. Gazeti lilimtaka mtu ajue kusoma na awe na senti za kulinunulia. Televisheni nayo ilichelewa kuwafikia wengi. Kenya ilikuwa nayo tangu 1962, lakini ilibaki kwa muda mrefu kuwa chombo cha mijini; Zanzibar iliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1970; Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Kwa hiyo, kwa takriban nusu karne, mkulima wa Sumbawanga, mvuvi wa Pemba na mchuuzi wa Kisumu waliujua ulimwengu wa mbali kwa masikio kabla ya kuujua kwa macho.

2. Kabla ya redio: gazeti na desturi ya kujibizana

Redio haikukuta uwanja mtupu. Wamisionari wa UMCA walianza kutoa Msimulizi huko Unguja mwaka 1888, na katika utawala wa Wajerumani gazeti la Kiongozi lilitolewa Tanga. Baada ya Waingereza kushika Tanganyika, Idara ya Elimu ilianzisha Mambo Leo mwezi Januari 1923. Nia ya serikali ilikuwa dhahiri: kuwafundisha raia kilimo bora, usafi na utii, na kueneza Kiswahili ambacho kingefaa kwa shule na ofisi.

Wasomaji, hata hivyo, walilifanyia gazeti hilo kazi nyingine pia. Walituma barua, wakauliza maswali, wakapeleka habari za miji yao, na zaidi ya yote wakatunga mashairi. Shairi moja lililochapishwa liliweza kuzaa majibu kutoka kwa malenga wa miji mingine, kila mmoja akifuata bahari na vina vya mwenzake. Shaaban Robert ni miongoni mwa washairi ambao majina yao yalijulikana kwanza kupitia kurasa hizo. Desturi ya kujibizana kwa mashairi ilikuwa ya kale katika mwambao; gazeti liliichukua kutoka barazani na kuifikisha mahali ambapo watu wasioonana waliweza kushindana na kustahiana.

Wakati huohuo juhudi za kusanifisha lugha zilikuwa zikiendelea. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Kamati hiyo iliamua tahajia, ikapitisha vitabu na kusimamia kamusi. Jambo moja halikuwa ndani ya uwezo wake, nalo ni matamshi. Kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili sanifu kilisomwa Bukoba kwa lafudhi ya Bukoba na Lamu kwa lafudhi ya Lamu. Sanifu ilionekana kwa macho. Ilikuwa bado haijasikika.

3. Kugombea sikio, 1951–1964

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na mwaka huohuo ikaanza Sauti ya Unguja. Mombasa nayo, katika miaka hiyo ya 1950, ilikuwa na Sauti ya Mvita. Majina haya yanastahili kutazamwa, kwani kila moja ni jina la mji. Redio za mwanzo zilikuwa na mwenyeji na mtaa, na waliozisikia waliweza kusema sauti hiyo ni ya wapi. Ilikuwa ni baadaye, mwaka 1956, kituo cha Dar es Salaam kilipofanywa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, ndipo sauti ya mji ilipoanza kuwa sauti ya nchi.

Watawala wa kikoloni hawakubaki peke yao hewani. Mwaka 1954 redio ya Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili yaliyoushambulia ukoloni wa Kiingereza waziwazi, wakati ambapo Kenya ilikuwa katika hali ya hatari kutokana na vita vya Mau Mau. Tarehe 27 Juni 1957 BBC ikaanzisha Idhaa yake ya Kiswahili kutoka London. Kufikia katikati ya miaka ya 1960, Moscow, Beijing, Washington na Cologne zote zilikuwa zikitangaza kwa Kiswahili. Lugha ambayo shule nyingi za Afrika Mashariki ziliifundisha kama ngazi ya kupandia Kiingereza iligeuka ghafla kuwa lugha ambayo mataifa makubwa yalihitaji kuijua ili yasikilizwe.

Msikilizaji wa kawaida alipata hapo fursa ambayo hakuwahi kuwa nayo: kulinganisha. Redio ndogo za transista, zilizotumia betri na kubebeka mkononi, zilipoenea mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, mtu aliweza jioni moja kusikia habari ileile ikisimuliwa na Dar es Salaam, Cairo na London, kisha akaipima barazani pamoja na wenzake. Uhakiki wa habari haukuanza vyuoni. Ulianza kwenye vibaraza na vilinge vya kahawa, ambako tangazo lilijadiliwa, likatiliwa shaka, likafananishwa na yaliyosemwa jana.

Uwezo wa redio kutisha ulidhihirika Unguja alfajiri ya tarehe 12 Januari 1964. Wanamapinduzi waliiteka Sauti ya Unguja, na John Okello, mtu aliyetoka Uganda na asiyejulikana na wakazi wengi wa mjini, akaanza kutoa amri na vitisho hewani. Wengi waliomsikia hawakuwa wamewahi kumwona. Kiswahili chake hakikuwa cha Unguja, na jambo hilo lenyewe liliongeza hofu, kwa sababu msikilizaji hakuweza kumweka mnenaji huyo katika mtaa wala ukoo wowote aujuao. Hapakuwa na namna ya kumuuliza neno. Hata hivyo, amri za redioni hazikumpa Okello mizizi: katika muda wa miezi michache alikuwa amekwisha kuondolewa Zanzibar.

4. Redio ya taifa na njia za kujibu

Baada ya Muungano, shirika la Dar es Salaam lilifanywa idara ya serikali na kuitwa Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Nairobi, Sauti ya Kenya ilikuwa imekwisha kuwekwa chini ya serikali mwaka 1964. Ni rahisi kuziita redio hizi vipaza sauti vya dola, na kwa upande wa taarifa za habari jina hilo halikosi ukweli. Lakini taarifa za habari zilichukua sehemu tu ya siku. Saa nyingine zilijazwa na wasikilizaji wenyewe.

Mfano wa kwanza ni vipindi vya salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akaijaza majina ya jamaa na marafiki, akaituma kwa posta, kisha akasubiri siku nyingi kulisikia jina lake likisomwa. Mtu asiyewahi kuandikwa gazetini alitambulika hewani, pengine kwa jina la utani alilojipa mwenyewe. Wanasalamu wa Kenya na Tanzania walijuana kwa majina bila kuonana, na baadhi yao waliunda vyama. Kwa mwanaisimu kadi hizo ni ushahidi wa thamani, kwa kuwa zinaonyesha jinsi watu wa kawaida walivyojifunza kuandika Kiswahili cha adabu kwa hadhira wasiyoiona: namna ya kuanza, namna ya kupanga wakubwa kabla ya wadogo, namna ya kufunga.

Mfano wa pili ni matangazo ya vifo. Katika nchi ambayo simu zilikuwa chache na barua zilichukua wiki, redio ndiyo iliyowawahisha ndugu mazishini. Tangazo la aina hii lilikuwa na muundo wake: jina la marehemu, mahali alipofia, siku ya maziko, kisha orodha ya jamaa ambao habari ziwafikie popote walipo. Orodha hiyo ilikuwa ramani ya ukoo uliotawanyika kwa sababu ya kazi, masomo na ndoa. Aliyesema kwamba redio imevunja udugu wa Kiafrika hana budi kulieleza jambo hili, kwamba kwa miongo mingi ni redio iliyouita ukoo pamoja wakati wa msiba.

Mfano wa tatu ni ushairi. Kipindi cha Malenga Wetu cha Radio Tanzania kilipokea mashairi ya wasikilizaji na kuyapa sauti. Majibizano yaliyokuwa yakiendelea kwa maandishi tangu enzi za Mambo Leo yalirudi masikioni, mahali ambapo ushairi wa Kiswahili ulizaliwa. Mama aliyekuwa akitwanga, asiyejua herufi hata moja, aliweza tena kuwa hakimu wa vina.

Katika msamiati pia mwendo haukuwa wa upande mmoja. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lilibuni na kusanifu istilahi, na redio ikazieneza. Lakini redio ilibeba pia maneno yaliyotoka bara. Neno ikulu lina asili katika Kinyamwezi na Kisukuma. Kitenzi kung'atuka, chenye asili ya Kizanaki, kilijulikana nchi nzima wakati Mwalimu Nyerere alipokuwa akijiandaa kuacha urais mwaka 1985. Watangazaji wa mpira nao, wakilazimika kueleza kwa kasi mchezo ambao wasikilizaji hawakuuona, walijaza lugha kwa dimba, kiungo, kipa na kutikisa nyavu. Maneno yaliyowapendeza washabiki yalirudiwa mitaani siku ya pili, na yasiyowapendeza yakafa uwanjani. Msikilizaji alikuwa kamati ya pili ya lugha, na hukumu yake haikuwa na rufaa.

5. Mwaka 1973: kuuliza na kuamuru

Hakuna mwaka unaoipambanua hoja ya mhadhara huu kuliko 1973 nchini Tanzania. Katika mwaka huo mmoja redio hiyohiyo, yenye sauti zilezile, ilitumika kwa njia mbili zilizo kinyume.

Njia ya kwanza ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya. Ilikuwa imetanguliwa na kampeni ndogo, ikiwamo ile ya Wakati wa Furaha ya mwaka 1971 katika kuadhimisha miaka 10 ya uhuru. Safari hii lengo lilikuwa kubwa zaidi: kuzuia malaria, kuhara, kichocho na maradhi mengine ya kila siku. Viongozi wa vikundi takriban 75,000 walipewa mafunzo, na watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Kikundi kilikutana kila wiki kwa muda wa wiki 12, kikasikiliza kipindi, kikasomewa kitabu, kisha redio ikazimwa. Hapo ndipo kazi hasa ilipoanza. Wanakikundi walijadili yaliyosemwa kwa kuyalinganisha na hali ya kijiji chao, wakaamua wenyewe wachimbe choo wapi, wafukie madimbwi gani, wachemshe maji ya nani kwanza. Vyoo vilichimbwa kwa wingi katika kampeni hiyo, na sababu haikuwa uzuri wa vipindi tu. Uamuzi ulitamkwa na kinywa cha jirani, mbele ya majirani, na aliyeutamka aliona haya kutoutekeleza.

Njia ya pili ilidhihirika mwezi Novemba wa mwaka huohuo, ilipotangazwa kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena bali ni agizo, na kwamba kufikia mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia. Mamilioni ya watu walihamishwa katika Operesheni Vijiji. Safari hii hapakuwa na wiki 12 za majadiliano. Hakuna kikundi kilichoulizwa kama udongo wa kijiji kipya unafaa, kama maji yapo, au kama makaburi ya wazee yaachwe. Baadhi ya waliohamishwa waliacha mashamba yenye mazao yao, na mahali pengine nyumba zilibomolewa ili watu wasirudi. Agizo lilifika, na watu walihama. Lakini miaka ilipopita na shinikizo lilipolegea, wengi walirejea kwenye mashamba yao ya zamani.

Linganisho hili halina nia ya kudai kwamba redio ndiyo iliyohamisha watu. Kazi hiyo ilifanywa na watendaji, mgambo na malori. Linaonyesha tu kwamba chombo kimoja, katika mwaka mmoja na kwa hadhira moja, kilitoa matokeo mawili kwa kutegemea kama sikio lilifuatwa na kinywa. Viongozi wa kampeni zilizoshindwa wamezoea kujifariji kwa methali isemayo kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Historia ya Mtu ni Afya inawajibu kwamba mara nyingi sikio lilikuwa zima. Tatizo ni kwamba mganga hakumsikiliza mgonjwa.

6. Sauti inayofahamika: Nairobi, 1982

Tukio la Unguja la 1964 lina ndugu yake nchini Kenya. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga walioasi waliiteka Sauti ya Kenya. Hawakutosheka kutangaza wenyewe kwamba serikali imepinduliwa. Walimfuata nyumbani kwake mtangazaji Leonard Mambo Mbotela na kumlazimisha alisome tangazo hilo. Baada ya saa chache majeshi yaliyobaki na utii yalikikomboa kituo, na sauti ileile ikatumika kuwaarifu wananchi kwamba maasi yamezimwa.

Kwa nini waasi wenye bunduki walimhitaji mtu asiye na bunduki? Mbotela alikuwa akiendesha tangu 1966 kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, kilichojadili adabu katika mambo madogo ya kila siku: katika basi, katika ugeni, mezani, ofisini. Jina lenyewe la kipindi lilikuwa swali, na swali hilo lilimwachia msikilizaji kazi ya kuhukumu. Kwa miaka 16 sauti hiyo ilikuwa imemheshimu msikilizaji kama mtu mwenye akili ya kupambanua mema na mabaya. Imani iliyojengeka hivyo ndiyo waasi walitaka kuiazima kwa nguvu. Okello alipata hofu kwa sauti isiyojulikana. Waasi wa Nairobi walitafuta kuaminiwa kupitia sauti inayojulikana. Wote wawili walikuwa na mtambo uleule. Kilichotofautiana ni mazungumzo ya miaka mingi yaliyotangulia, au kutokuwapo kwake.

7. Gharama ya sauti moja

Ingekuwa si haki kuisimulia historia hii kama neema tupu. Msikilizaji alipewa njia ya kujibu, lakini kwa sharti: ajibu kwa Kiswahili kinachokubalika. Kile ambacho Kamati ya 1930 haikukiweza, yaani kuifanya sanifu isikike, redio ilikiweza. Katika muda wa kizazi kimoja matamshi ya mtangazaji yakawa kipimo, na watu wakaanza kuyaonea haya matamshi ya nyumbani kwao.

Walioguswa zaidi ni wenye lugha wenyewe. Mzaliwa wa Mombasa aliyesema mato badala ya macho, au ndia badala ya njia, alijikuta akisahihishwa na mtu aliyejifunza Kiswahili darasani. Kimvita na Kiamu, lahaja zilizobeba sehemu kubwa ya ushairi wa kale, hazikuwa lugha za taarifa ya habari. Katika visiwa, Kimakunduchi na lahaja za Pemba zilikuwa katika hali hiyohiyo. Lahaja za kaskazini zilipata hifadhi katika ushairi: Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir ilichapishwa 1971 na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla 1973, na diwani zote mbili zilidhihirisha uhai wa Kimvita. Lakini lahaja inayobaki kwa washairi peke yao imekwisha kupoteza soko, jiko na ofisi.

Kwa upande wa lugha nyingine za jamii, nchi mbili zilifuata njia mbili. Radio Tanzania ilitangaza ndani ya nchi kwa Kiswahili na Kiingereza, na kuziacha lugha zaidi ya 100 nje ya studio. Sauti ya Kenya ilitenga nafasi kwa lugha kadhaa za jamii. Uamuzi wa Tanzania uliharakisha umoja, na matunda yake yanaonekana hadi leo. Lakini bibi wa Kisukuma au wa Kimakonde asiyejua Kiswahili alikuwa raia asiyeweza kusikia, sembuse kujibu. Uamuzi wa Kenya uliwahifadhia wengi lugha zao, lakini haukujenga baraza moja la wasikilizaji. Hakuna uamuzi kati ya hii miwili uliokosa gharama, na mtafiti mwaminifu hana budi kuzihesabu zote mbili.

8. Soko huria la utangazaji

Miaka ya 1990 ilivunja ukiritimba wa dola. Tanzania ilipitisha sheria ya utangazaji mwaka 1993, na mwaka uliofuata Radio One ikasikika Dar es Salaam. Kenya nayo ilianza kupata stesheni za binafsi za FM katika nusu ya pili ya muongo huo. Malalamiko yalifuata upesi: vijana wamevamia hewa, Kiswahili kimechanganywa na Kiingereza, muziki wa kigeni umefurika.

Malalamiko hayo yana sehemu ya ukweli, lakini yanapita juu ya matukio mawili. La kwanza ni kwamba vijana hao hawakuiga tu. Walichukua mtindo wa rapu kutoka Marekani na kuulazimisha useme Kiswahili. Muziki uliozaliwa hapo, Bongo Fleva, ukavuka mipaka ya Tanzania na kukifanya Kiswahili kipendwe na vijana wa nchi jirani ambao hawakuwahi kukisoma kwa hiari. La pili ni mapambano dhidi ya Ukimwi.

Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watu wa huko waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa ikiuzwa kwa magendo mpakani. Serikali na redio zilieneza jina la kitaalamu, Ukimwi, ambalo ni ufupisho wa Upungufu wa Kinga Mwilini. Jina lilishika, lakini kwa muda mrefu ujumbe ulibaki kuwa tangazo la kutisha, na mitaa ikaendelea kubuni majina ya mafumbo ili kuepuka kulitaja.

Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa mfululizo ulioitwa Twende na Wakati. Mhusika wake mmoja, Mkwaju, ni dereva wa lori mwenye wanawake wengi njiani, ambaye hatimaye anafariki kwa Ukimwi. Mkewe, Tunu, anaamua kusimama kwa miguu yake. Kwa miaka 2 mchezo huo haukurushwa Dodoma kwa makusudi, ili watafiti, akiwamo Everett Rogers, waweze kulinganisha. Matokeo yaliyochapishwa yalionyesha kwamba mahali uliposikika matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko Dodoma, na kwamba wasikilizaji waliuzungumza na wenzi wao na marafiki. Redio haikubadili chumba cha kulala moja kwa moja. Iliwapa mume na mke mtu wa tatu, Mkwaju, ambaye waliweza kumsema bila kusemana.

Simu ya mkononi ilipoenea baada ya mwaka 2000, jibu lililokuwa likichukua wiki mbili kwa posta lilianza kufika papo hapo. Ni hapa ambapo hoja ya mhadhara huu inahitaji kuwekewa mpaka. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 na machafuko yaliyoufuata, Tume ya Waki, katika taarifa yake ya 2008, ilieleza ushahidi kwamba baadhi ya stesheni za lugha za jamii, pamoja na vipindi vyake vya kupokea simu, zilichochea uhasama. Wasikilizaji hao walikuwa wamepewa njia ya kujibu. Walichokosa ni mtu wa upande wa pili kusikia na kuwajibu. Kadi ya salamu ilikuwa na jina la mtumaji, shairi lilikuwa na mpinzani wake, na kikundi cha Mtu ni Afya kilikuwa na majirani wanaotazamana. Jibu lisilo na mwenyewe, linalosikika na wanaokubaliana tu, linarudi kuwa amri.

9. Hitimisho

Nusu karne ya utangazaji wa Kiswahili inafundisha kwamba swali la kama vyombo vya habari vinajenga au vinabomoa utamaduni limeulizwa vibaya. Vinavyopaswa kuulizwa ni nani anaruhusiwa kujibu, kwa Kiswahili kipi, na nani analazimika kumsikiliza. Maswali haya yanazihusu simu na mitandao ya leo kama yalivyoihusu redio ya mbao ya mwaka 1951, kwani wanaoyajibu ni watu walewale waliolelewa na desturi ya malumbano, salamu na kupeana zamu ya kusema.

Kwa wataalamu wa Kiswahili linafuata jukumu moja la wazi. Kanda za muziki za Radio Tanzania zimekwisha kutambuliwa kuwa hazina, na zimefanyiwa juhudi za kuhifadhiwa. Barua, kadi za salamu na mashairi ya wasikilizaji yanastahili heshima hiyo hiyo. Sehemu ya karatasi hizo ipo katika masanduku ya familia, katika vyama vya wanasalamu na katika makabati ya stesheni, na wino wake unafifia kila mwaka. Humo ndimo yalimoandikwa majibu ya watu ambao vitabu vya historia vimewataja kama wasikilizaji tu. Idara za Kiswahili zina wanafunzi wanaorudi vijijini kila likizo; kazi ya kuzikusanya inaweza kuanza na hao.